Mzinga wa Reli wa Majini: Mwendo Tumeuona, Sasa Tuukague Mtutu

Watazamaji wapendwa, karibuni tena. Wengi wenu mmezoea kuniona nikiwa na bidhaa mezani, nikiifungua, nikiipima na kuwaambia kama inastahili fedha inayoombwa. Leo meza ni tupu, kwa sababu bidhaa tunayoichambua ina uzito wa tani kadhaa, haiuzwi dukani, na mataifa yaliyothubutu kuitengeneza yanahesabika kwa vidole. Ni mzinga wa reli, yaani mzinga wa manowari unaorusha risasi kwa nguvu ya sumakuumeme badala ya baruti. Nitaukagua kwa utaratibu ule ule ninaoutumia kwa jenereta au pampu ya maji: unafanyaje kazi, unakula nini, unadumu kwa muda gani, na ni nani aliyeutumia ukafanya kazi iliyokusudiwa.

Tuanze na video iliyotolewa na Jeshi la Wanamaji la Marekani, iliyopigwa katika kituo chao cha Dahlgren, Virginia. Angalieni mdomo wa mtutu. Risasi inatoka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na nyuma yake unachomoza ulimi mrefu wa moto wa rangi ya chungwa. Mtazamaji makini atauliza papo hapo: kama hakuna baruti, moto huu umetoka wapi? Naomba mlishike swali hilo, kwa maana jibu lake ndilo litakaloamua kama bidhaa hii inafaa au haifai.

Ndani ya mtutu mna reli mbili za metali zilizolala sambamba bila kugusana. Kati yake huwekwa kipande cha aluminiamu kinachozigusa zote mbili, na mbele ya kipande hicho ndipo inapokaa risasi. Umeme ukiachiliwa, hupita kwenye reli ya kwanza, huvuka kwa kile kipande kama mtu avukavyo daraja, kisha hurudi kwa reli ya pili. Mkondo huo huzalisha uga wa sumaku kati ya reli, na uga huo hukisukuma kipande pamoja na risasi yake kuelekea mdomoni. Waliosoma fizikia ya sekondari watakumbuka kanuni ya mkono wa kushoto, ile ya vidole vitatu vilivyotanuliwa kila kimoja upande wake. Hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo. Tofauti ni kwamba darasani tulitumia betri na ampea chache, na Dahlgren walitumia ampea milioni kadhaa. Tena msukumo huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukiuongeza umeme maradufu, msukumo unakuwa mara nne.

Sasa turudi kwenye ule moto. Mkondo mkubwa kiasi hicho, ukipita mahali ambapo metali inateleza juu ya metali, huiyeyusha. Sehemu ya aluminiamu hugeuka mvuke wenye joto kali, nao ukikutana na hewa nje ya mtutu huwaka. Moto mnaoushangilia kwenye video, basi, ni mzinga unaojila wenyewe.

Wazo lenyewe si la jana. Mfaransa Louis Octave Fauchon-Villeplée alilibuni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akapewa hataza ya Marekani mwaka 1922. Wakati ule hapakuwa na chanzo cha umeme cha kutosha kulisha chombo kama hicho, na likalala.

Marekani ililifufua kwa ajili ya meli zake mwaka 2005. Mwaka 2008 walirusha risasi yenye nishati ya zaidi ya megajuli 10, na Desemba 2010 wakafikisha megajuli 33, rekodi iliyotangazwa duniani kote. Kwa asiyezoea kipimo hicho, megajuli moja ni sawa na nishati ya gari la tani moja linalokimbia kilomita 160 kwa saa. Fikirieni magari 33 ya namna hiyo yamegonga ukuta mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 kampuni mbili, BAE Systems na General Atomics, zilikabidhi mizinga ya majaribio iliyofanana zaidi na silaha kamili kuliko kifaa cha maabara. Mwaka 2014 mmojawapo ukapandishwa kwenye meli ya uchukuzi USNS Millinocket huko San Diego ili watu wauone. Jaribio la kufyatua baharini lilipangwa kufanyika mwaka 2016. Halikufanyika. Mwaka 2021 mradi ulisimamishwa, baada ya kumeza zaidi ya dola milioni 500.

Kilichouangusha ni nini? Wengi husema umeme, na wana hoja, ingawa kwa maoni yangu wanaishika nusu tu ya habari. Tupige hesabu pamoja. Lengo lilikuwa risasi 10 kwa dakika, kila moja ikitoka na megajuli 32. Tukichukulia, kwa ukarimu, kwamba theluthi moja ya umeme unaoingia ndiyo inayotoka na risasi, na iliyobaki inapotea kama joto, kila risasi itakula takriban megajuli 100, na mzinga utahitaji kama megawati 16 muda wote unapofyatua. Manowari za Marekani za daraja la Arleigh Burke zilizojengwa kabla ya toleo la karibuni zina jenereta tatu za megawati 2.5 kila moja, jumla 7.5, na hizo ndizo zinazolisha rada, mawasiliano, pampu na jiko la mabaharia. Meli iliyokuwa na umeme wa kutosha ni ile ya daraja la Zumwalt, yenye uwezo wa megawati 78. Kwa mtazamaji wa Tanzania, hiyo ni karibu sawa na bwawa zima la Mtera, lenye megawati 80, limewekwa ndani ya meli moja. Nazo Zumwalt zilijengwa tatu tu.

Hata hivyo, tatizo la umeme linatatulika kwa kujenga meli kubwa zaidi na kapasita bora zaidi, yaani vifaa vinavyokusanya umeme na kuuachilia kwa mkupuo. Tatizo la mtutu halitatuliki kwa fedha peke yake. Reli mbili zinazobeba mikondo inayopingana husukumana kwa nguvu ya kutisha, kana kwamba kila mfyatuo unataka kuupasua mtutu katikati. Wakati huo huo kipande cha aluminiamu kinapita juu yake kwa kasi ya kilomita mbili na zaidi kwa sekunde, kinayeyuka, kinatoa cheche na kuacha makovu yaliyochimbika ndani ya metali. Kovu dogo likishajitokeza, mfyatuo unaofuata hulipanua, na kasi ya risasi huanza kushuka. Mizinga ya mwanzo ya maabara ilihitaji kubadilishiwa reli baada ya mifyatuo michache mno, ilhali Wamarekani walijiwekea lengo la mifyatuo 1,000 kwa mtutu mmoja. Kwa lugha ya dukani kwetu, hiki ni chombo chenye injini nzuri na matairi ya karatasi.

Kuna kasoro nyingine ambayo matangazo hayakuitilia mkazo. Walioutetea mzinga huu walisema utapiga umbali wa zaidi ya kilomita 160. Risasi inayokwenda mbali kiasi hicho hukaa hewani kwa dakika kadhaa, na meli inayokimbia noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa, husogea karibu kilomita moja kila dakika. Risasi isiyoweza kujiongoza itaanguka mahali ambapo adui ameshaondoka zamani. Kwa hiyo ni lazima ndani ya risasi muwe na vifaa vya elektroniki vya kuiongoza, na vifaa hivyo vistahimili mshtuko wa kurushwa pamoja na uga mkali wa sumaku uliomo mtutuni. Wale waliotuahidi kipande cha chuma cha bei rahisi walijikuta wanatengeneza kompyuta ndogo yenye mapezi.

Tuvuke sasa hadi Japani, ambako ndiko ninakoona kazi ya maana zaidi. Wakala wa Wizara ya Ulinzi unaoshughulikia teknolojia na ununuzi ulianza utafiti mwaka 2016, na haukuanza kwa kufukuzia rekodi. Walichukua mzinga mdogo wa milimita 40, wenye risasi ya takriban gramu 320, wakairusha kwa kasi ya kama mita 2,230 kwa sekunde. Kisha wakafanya jambo ambalo mkaguzi yeyote wa bidhaa angelidai: walifyatua mara 120 kwa mtutu huo, wakaonyesha kwamba kasi ilibaki juu ya mita 2,000 kwa sekunde. Mwaka 2023 walitangaza kwamba wamekuwa wa kwanza kufyatua mzinga wa reli kutoka kwenye meli, na mwaka 2025 meli yao ya majaribio, Asuka, ilibeba mzinga huo hadi baharini na kuipiga meli iliyowekwa kuwa shabaha. Picha walizoonyesha baadaye zinavutia kuzitazama kwa karibu: matundu kwenye bati la meli yana umbo la msalaba, alama ya mapezi manne ya mkia. Maana yake ni kwamba risasi ilifika ikiwa imenyooka. Ingekuwa inayumba, tundu lingekuwa refu na limechanika vibaya.

Nisiwafiche upungufu wake. Gramu 320 kwa kasi hiyo ni megajuli 0.8 hivi, yaani sehemu moja tu ya arobaini ya ule mzinga wa Kimarekani. Mzinga wa kawaida wa baruti wa milimita 76, uliofungwa kwenye manowari nyingi duniani, hutoa risasi ya kilo sita kwa mita 900 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya megajuli mbili, na risasi hiyo ina vilipuzi ndani yake. Kilichomo kwa Wajapani ni kasi, na kasi ina thamani pale unapotaka kulidaka kombora linalokuja kabla halijafika. China nayo ilionekana mwaka 2018 ikiwa na mzinga mkubwa unaodhaniwa kuwa wa reli juu ya meli yake Haiyangshan, lakini haijaonyesha hadharani kitu cha kukaguliwa, na mimi sichambui boksi lililofungwa.

Hamu ya silaha hii haitaisha, na sababu yake haiko mbali nasi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, katika Bahari ya Shamu, manowari zilikuwa zikidungua droni za bei rahisi kwa makombora ambayo moja linaweza kugharimu zaidi ya dola milioni moja, huku meli nyingi za mizigo zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Risasi ya mzinga wa reli, kwa makadirio ya awali, ingegharimu dola 25,000.

Kama ningekuwa afisa ununuzi wa jeshi lolote la majini, leo nisingetia saini. Ningemwomba muuzaji jedwali moja tu: kasi ya risasi ya kwanza, ya 500 na ya 1,000 kutoka mtutu ule ule, zikifyatuliwa mfululizo bila kuupumzisha. Wajapani ndio walio karibu zaidi na jedwali hilo, nao bado wako mbali.

Na kwa wenye haraka, kipande kimoja cha bidhaa hii kimeshafanya kazi katika majaribio. Risasi ile yenye mapezi na kompyuta, iliyobuniwa na Wamarekani kwa ajili ya mzinga wa reli, ilijaribiwa Septemba 2020 katika uwanja wa White Sands, New Mexico, ikaidungua ndege isiyo na rubani iliyoigiza kombora la kruzi. Mzinga ulioirusha ulikuwa wa Jeshi la Nchi Kavu, wa milimita 155, wa baruti.