PCPartPicker kwa anayejenga seva ya mafaili nyumbani: maoni yangu baada ya kuitumia

Wakuu habari za saa hizi. Nataka niongelee PCPartPicker, ile tovuti ya bure ya kupanga vifaa vya kompyuta, ila nitaongelea upande mmoja tu, kulinganisha prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) kabla hujatoa hela mfukoni. Nimejenga seva ya kuhifadhia mafaili nyumbani na hapo kwenye prosesa na mazabodi ndo palinipiga, kwa hiyo nikiona mtu anauliza "hii inakaa kwenye hii?" roho haitulii mpaka nijibu.

Kazi yangu ni picha na video, harusi, sendofu, kipaimara, wakati mwingine msiba. Mafaili ya wateja yalikuwa kwenye diski za nje sita, kila moja nimeiandika kwa makapeni. Mwaka jana moja ikadondoka mezani, ikaanza kulia tik tik tik, na ndani kulikuwa na harusi mbili sijazikabidhi. Moja niliiokoa kwa sababu kijana wangu alikuwa bado hajafuta kadi za kamera. Ile nyingine ilibidi niende kwa wazazi wa bibi harusi nikawaeleze uso kwa uso, mama wa watu akanikaribisha chai na bado hajui nimeleta habari gani. Sitaki tena safari kama ile. Nikaamua najenga seva, diski nne za TB 4, TrueNAS (mfumo endeshi wa seva za mafaili), mpangilio wa RAIDZ1 ambao diski moja ikifa data bado ipo, na nakala ya pili naiweka kwa dada.

Prosesa nilikuwa nayo tayari, i3-8100 ya Intel, kizazi cha 8, nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anavunja mashine yake. Nikaenda Kariakoo kutafuta mazabodi ya mtumba. Duka moja kijana akanitolea ya B250, safi, pini zote zimesimama, matundu 6 ya SATA, yale ya kuchomekea diski, nikamuuliza kaka hii inakubali hii prosesa? Akaipokea, akaigeuza, akaiweka juu ya soketi, pale prosesa inapokaa, taratibu, kile kipembe cha dhahabu kikaangaliana na alama yake, vile vipengo vya pembeni vikaingia vyenyewe. "Boss, hii 1151, hiyo nayo 1151, si unaona mwenyewe ilivyokaa?" Na kweli ilikaa, hata ungekuwa wewe ungelipa.

Nikafika home nikafunga kila kitu, nikawasha. Feni ikazunguka. Skrini nyeusi. Nikatoa RAM nikaweka upande wa pili, nyeusi. Nikabadilisha waya wa skrini, nikatoa betri ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine) nikarudisha, nikaazima pawasaplai ya jirani, saa nane usiku bado nyeusi na feni inazunguka kama kawaida, yani hicho ndo kinachoumiza, mashine inaonekana nzima.

Sasa ukweli ni huu. Intel walitumia soketi yenye pini 1151 kwa vizazi vinne. Kizazi cha 6 na cha 7 vinakaa kwenye mazabodi za chipseti (chipu kuu ya mazabodi) za 100 na 200, yani H110, B150, B250, Z270 na ndugu zao. Kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017 wakabakiza idadi ileile ya pini ila wakabadilisha kazi ya baadhi yake upande wa umeme, kwa hiyo cha 8 na cha 9 vinataka chipseti za 300: H310, B360, B365, Z370, Z390. Kwa macho huwezi kuona tofauti na kwa mkono inaingia. Yule kijana hakuniibia, alisoma namba ya soketi kama wanavyosoma wengi, na nilivyorudi alinipokea vizuri akanibadilishia nikaongeza hela kidogo.

Usiku uleule kabla sijarudi dukani ndo nikaifungua PCPartPicker kwa mara ya kwanza. Unaingia sehemu ya kujenga, unachagua prosesa kwanza, mimi nikaweka i3-8100, halafu ukibonyeza kuchagua mazabodi kuna kichujio cha ulinganifu kimeshawashwa, kinakuonyesha zile tu zinazoendana. Nikatafuta B250, hakuna hata moja. Nikakizima kile kichujio nikailazimisha ile ya kwangu, ikanijia juu na onyo kwamba prosesa na mazabodi haviendani. Dakika tano, na bando halikutikisika. Nilikaa nikaiangalia ile mistari nikasema kumbe kitu kilikuwa wazi hivi na mimi nimekesha na bisibisi.

Kwa hiyo kwa kazi hiyo naisifu kwa moyo wote. Soketi inajua, chipseti inajua, aina ya RAM inajua, hata ukichukua soketi ya 1700 ya vizazi vya 12 mpaka 14 inakutenganishia mazabodi za DDR4 na za DDR5, maana soketi ni moja ila RAM haziingiliani. Soketi ya 1200 nayo ina mtego wake, vizazi vya 10 na 11 wanaigawana lakini mazabodi za H410 na B460 kwa kawaida hazipokei cha 11. Na upande wa AMD, AM4 ndo ina mlolongo mrefu, mazabodi ya B450 inaweza kubeba Ryzen 5 5600 vizuri kabisa lakini kama BIOS iliyomo ni ya zamani haitawaka, na PCPartPicker huwa inaandika angalizo kwamba huenda ukahitaji kusasisha BIOS kwanza.

Hilo neno "huenda" lisomeni vizuri, ndo mpaka wa hii tovuti. Yenyewe inaijua modeli, haiijui mazabodi iliyoko mkononi mwako. Mazabodi ya mtumba pale kaunta imetoka Dubai au Uingereza, BIOS yake ikaguswa mara ya mwisho na nani, lini, hakuna anayejua mpaka iwashwe. Kwa hiyo baada ya PCPartPicker kuna hatua ya pili na mimi siiruki tena: naenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi yenyewe. ASUS, Gigabyte, MSI, ASRock wote wana orodha ya prosesa zinazokubalika kwa kila modeli, na pembeni ya kila prosesa wameandika imeanza kukubalika kwenye toleo lipi la BIOS. Unatafuta jina la prosesa yako mle, herufi kwa herufi. Kama haimo, usinunue. Kama imo lakini inataka BIOS mpya kuliko iliyopo, mwambie muuzaji aisasishe kwa prosesa ya zamani mbele yako, au tafuta mazabodi yenye kile kitufe cha kusasishia kwa flashi bila prosesa. Na jina la mazabodi lichukue lote pamoja na ile REV (toleo la bodi) iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, kuna modeli REV 1.0 na 2.0 zina orodha tofauti. Kwenye prosesa soma maandishi ya juu ya bati, ya kwangu imeandikwa i3-8100 na kodi SR3N5. Kama imejaa pesti kavu ya kupozea mwombe muuzaji aifute, na akigoma kuifuta mimi naondoka.

Nilichochukua mwisho ni mazabodi ya B365. Hapa niwaambie kwa nini sikuchukua H310 wakati ndo zimejaa na bei imepoa. H310 chipseti yake inatoa matundu 4 tu ya SATA. Mimi diski nne, halafu TrueNAS inataka diski yake ya kuwakia peke yake, jumla tano. Prosesa ingeendana, ingewaka, kila mtu angefurahi, na seva isingetosha. B365 inatoa 6, na faida nyingine imetoka mwishoni mwa 2018, kizazi cha 8 na cha 9 vyote inavikubali tangu siku ya kwanza, wasiwasi wa BIOS unapungua sana.

Hata hivyo kuna kitu nilikipita. Diski ya kuwakia nilinunua ile nyembamba ya M.2, aina ya SATA. Nikafunga, nikachomeka diski nne, nikawasha, TrueNAS ikaniletea tatu. Nikabadilisha waya, tatu. Nikahamisha ile iliyopotea tundu jingine, ikaonekana, nikarudisha palepale, ikapotea. Kumbe M.2 ikiwa ya SATA inakula njia ya tundu moja la SATA, lile tundu linazimwa, bodi nyingi ziko hivyo. Nikarudi PCPartPicker kwenye orodha yangu nikakuta imeandikwa chini kabisa, mstari mmoja wa maandishi madogo, ulikuwepo siku zote. Kwangu hiyo ni kasoro ya kweli ya tovuti, onyo linalomgusa mtu wa seva limelala chini pamoja na habari za kawaida, wakati kwetu tundu moja la SATA ni diski nzima ya mafaili ya watu. Shukeni mpaka chini.

Kuhusu ECC, ile RAM inayogundua na kurekebisha makosa, naulizwa sana. i3-8100 inaikubali, na hapo wengi wanafurahi wanakimbilia kununua. Lakini Intel kwa vizazi hivyo wameifungia kwenye chipseti za seva kama C246, kwenye B365 haifanyi kazi yake. Na zile RAM za seva za RDIMM zinazouzwa bei ya kutupa msizinunue kwa hizi bodi, hazitawaka kabisa. Kisa kinachofanana ni prosesa za seva za Intel, Xeon E3 za v5, zinaingia kwenye soketi ya H110 na B150 bila shida halafu haziwaki, zinataka C232 au C236.

Jambo jingine angalieni herufi ya mwisho ya prosesa. i3-9100F na i5-9400F ni bei rahisi kwa sababu hazina picha ndani, yani hazina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini, na Ryzen 5 5600 bila G vilevile. Seva ikishasimama haihitaji skrini, ila siku ya kuifunga unahitaji, na kuna bodi haziwaki bila picha. Utalazimika kuweka kadi ya picha na kadi inakula umeme usiku na mchana. Mashine ikila wati 40 mfululizo ni karibu uniti 29 kwa mwezi, Luku yenu mnaijua wenyewe.

Vitu ambavyo hamtavipata kule: bei za kwetu hakuna, Tanzania haimo kwenye nchi zake wala Kenya, kwa hiyo kwenye bei msiihesabu. Na zile mashine za ofisini za mtumba zilizojaa mjini, mazabodi zake huzikuti mle, zile inabidi usome karatasi za kampuni, maana nyingi hata pawasaplai yake sio ya pini 24 na sehemu za kuweka diski ni mbili tu.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naikata kwa lile onyo la M.2 lililojificha.

Seva yangu iko chini ya meza ya kazi na UPS pembeni, diski zote nne zinaonekana, na jana nimemaliza kuhamisha diski ya mwisho kati ya zile za makapeni. Kama uko dukani sa hizi na huna uhakika, andika hapa jina kamili la prosesa na la mazabodi na REV yake, mimi nitaangalia orodha nikujibu kabla hujalipa.