Kisanduku cha Kuchorea Mandhari Nje: Tathmini ya Mtumiaji

Mchoraji anayebeba vifaa vizito huishia kuchora karibu na barabara, kwa sababu mzigo humchagulia mahali kabla yeye mwenyewe hajachagua. Hiyo ndiyo sababu kuu inayonifanya nikipendekeze kisanduku kidogo cha mbao kinachofungwa juu ya stendi ya kamera yenye miguu mitatu, ambacho kwangu kimechukua nafasi ya kiunzi kikubwa cha kukunjwa. Tundu lake la skrubu ni la robo inchi, kipimo cha kawaida cha stendi hizo, kwa hiyo hakihitaji stendi ya pekee. Kifuniko hushikilia ubao wa kuchorea, paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, hukaa chini yake, na ndani mna nafasi ya brashi fupi na tyubu za rangi. (Tyubu zenyewe tunadaiwa na mchoraji wa Marekani John Goffe Rand, aliyezipatia hataza mwaka 1841, kabla ya hapo rangi za mafuta zilibebwa katika vibofu vya nguruwe.)

Faida yake huonekana zaidi wakati wa kutafuta mahali. Kwa kuwa kila kitu kinaingia kwenye mkoba wa mgongoni, ninaweza kuizunguka mandhari, kupanda na kushuka, na kuitazama kupitia kipande cha kadibodi kilichokatwa dirisha hadi nipate mpangilio unaosimama vizuri, nikikadiria pia vivuli vitaangukia wapi baadaye. Jua husogea takriban nyuzi 15 kila saa, na mwanga uliokuvutia hudumu kwa saa mbili tu hivi. Ubao wa sentimita 20 kwa 25 unatosha muda huo. Mchoraji wa Ufaransa Claude Monet, alipochora marundo ya ngano mwaka 1890 na 1891, alibadilisha turubai kadiri mwanga ulivyobadilika, na mwenye kisanduku anaweza kufuata utaratibu huohuo kwa mbao ndogo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye bawaba. Ukikandamiza brashi kwa nguvu, kifuniko hurudi nyuma kidogo kidogo, na pembe ya ubao ikibadilika, mwanga unaouangukia nao hubadilika. Bisibisi ndogo hulimaliza tatizo hilo, ingawa mtengenezaji angeweka skrubu ya kukazwa kwa vidole tungeepushwa na usumbufu huo. Upepo nao ni adui: tundika mfuko wa mawe katikati ya stendi, na mwavuli usimamishe peke yake, usiufunge kwenye kisanduku. Mwavuli wenyewe usiuache nyumbani, kwa maana ubao na paleti vikipigwa na jua kali, jicho hudanganyika, unachanganya rangi zenye giza kupita kiasi, na picha ikifika ndani ya nyumba huonekana ya giza mno.

Paleti huja ikiwa mbao tupu, nyeupe mno kwa kupimia rangi. Ipake mafuta ya kitani mara kadhaa, uiache ikauke kila mara, nayo itageuka kahawia tulivu na haitanyonya rangi.

Nyuma ya kifuniko mna mifereji ya kubebea mbao mbili zenye rangi mbichi bila kugusana, jambo la lazima kwa rangi za mafuta zinazochukua siku kadhaa kukauka. Ningependa mfereji wa tatu uongezwe, ili anayechora mahali pamoja asubuhi, adhuhuri na jioni asilazimike kushika ubao mkononi njia nzima ya kurudi.