Nililipia Kuoneshwa Mitaa ya Berlin, Nikageuzwa Kuwa Onyesho

Makuchu wenzangu, yaani wapenzi wa jinsia moja, wa Afrika Mashariki mnaopanga kwenda Berlin, msilipie matembezi ya kuongozwa kabla hamjasoma haya. Silalamikii mji wenyewe, ambao nitausifu hapa chini kwa moyo wote. Nailalamikia kampuni moja inayojitangaza kuwa inawatembeza wapenzi wa jinsia moja wa mataifa yote katika mitaa yenye historia yao, na hasa mwongozaji wake mmoja, kijana mchangamfu, aliyetutendea mimi na mwenzangu jambo ambalo nikilikumbuka mikono bado inanitetemeka kwa hasira.

Nianze kwa kumtendea haki. Alitukusanya Nollendorfplatz, katika mtaa wa Schöneberg, mbele ya stesheni ambayo kuba lake huwashwa taa za rangi za upinde wa mvua usiku, na kwa muda wa kutosha alifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisimulia habari za daktari Magnus Hirschfeld, aliyefungua taasisi yake ya elimu ya jinsia mjini humo mwaka 1919 na kupigania kufutwa kwa kifungu cha 175, sheria iliyowafunga wanaume waliopendana, hadi tarehe 6 Mei 1933 vijana wa Kinazi walipoivamia taasisi hiyo, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Alitupitisha Motzstraße kwenye jengo la ukumbi wa Eldorado, ambamo wanaume waliovaa kike na wanawake waliovaa suti walicheza dansi hadi ulipofungwa. Nilipomuuliza kuhusu wanawake, alijibu kwa haraka kidogo, lakini alijibu: kulikuwa na kumbi zao, na kulikuwa na gazeti lao, Die Freundin, lililouzwa kwenye vibanda vya magazeti tangu mwaka 1924. Ningeandika tathmini yangu saa ile, ningempa nyota tano bila kusita.

Kisha tukarudi stesheni, kwenye ukuta wa upande wa kusini, penye jiwe jekundu la pembe tatu lililowekwa mwaka 1989 kuwakumbuka wapenzi wa jinsia moja waliouawa na Wanazi. Umbo hilo linatokana na alama ya rangi ya waridi waliyoshonewa kwenye sare zao kambini, ambako inakadiriwa kwamba walipelekwa wanaume kati ya 5,000 na 15,000. Kulikuwa na maua yaliyonyauka chini ya jiwe, na kundi letu lilikuwa limenyamaza. Hapo ndipo mwongozaji aliponigeukia, akaniwekea mkono begani bila kuniomba, akawaambia wenzetu kwamba leo wamebahatika kuwa na mgeni kutoka Afrika, "ambako mambo haya bado yanaendelea". Akaniambia: "Waeleze. Kwenu wakiwakamata huwa wanawafanya nini?"

Watu wote wakanitazama. Mzee mmoja, mtalii kama mimi, alikuwa tayari ameinua simu yake ananirekodi. Nilisema kwa upole, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kwamba nimekuja kuona Berlin na si kutoa ushahidi, na nikamwomba mzee yule ashushe simu, naye aliishusha mara moja na kuomba radhi. Mwongozaji hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Alisema kwamba hapa niko huru, nisiogope, na kwamba simulizi kama langu ndizo zinazoyapa matembezi haya maana. Halafu akatoa simu yake mwenyewe, akataka tusimame sote mbele ya jiwe tupigwe picha ya ukurasa wa kampuni. Mwenzangu akageuka akatoa mgongo. Mimi nikamwambia waziwazi, kwa maneno ambayo mtoto wa shule angeyaelewa, kwamba sitaki picha, kwamba picha yangu mahali kama pale inaweza kufika nyumbani kabla yangu. Akacheka, akasema: "Hapa hatufichi sura zetu", akabonyeza.

Nataka msomaji aelewe uzito wa kitendo hicho. Mimi ni Mtanzania. Sheria ya adhabu tuliyoachiwa na Waingereza, ambayo Bunge letu liliikaza zaidi mwaka 1998, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kile inachokiita tendo la kinyume cha maumbile, na mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga akiwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema baadaye kwamba huo haukuwa msimamo wake, lakini walioyahama makazi yao usiku hawakusubiri ufafanuzi. Na hata mahakama isipohusika, kuna mwenye nyumba, kuna mwajiri, kuna wajomba. Mimi na mwenzangu mbele za watu huitana dada na mdogo wangu, hata kwenye simu, hata tunapogombana. Mtu anayeishi hivyo hafichi sura yake kwa aibu. Anailinda, na mlinzi wa kwanza anayestahili kulielewa hilo ni yule anayelipwa kuwatembeza watu wa aina yetu.

Na ametenda hayo mbele ya jiwe gani? Kifungu hicho cha 175 kilikuwa sheria ya Ujerumani nzima tangu mwaka 1872, Wanazi wakakifanya kikali zaidi mwaka 1935, na Ujerumani Magharibi ikakiacha vilevile walivyokiandika Wanazi hadi mwaka 1969. Hakikufutwa kabisa hadi mwaka 1994. Wapo wanaume waliotoka kambini na kufungwa tena kwa sheria ileile. Yeye mwenyewe alikuwa ametueleza hayo dakika chache kabla. Aliwezaje kuyajua yote na bado akasimama pale kuwaonesha wenzetu ukatili kama kitu kinachopatikana Afrika tu, na ushahidi wake ukiwa ni mimi?

Tulijitoa kwenye kundi papo hapo. Mwenzangu alinishika mkono, jambo ambalo hatujawahi kulifanya barabarani nyumbani, akaniambia: "Twende zetu, mdogo wangu, usibishane na mtu aliyeshika kamera." Tukatembea hadi soko la Winterfeldtplatz, mwendo mfupi tu kutoka pale, na huko nikaona kile nilichokuwa nimekilipia. Vikongwe wawili wenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi walikuwa wakibishania viazi. Mmoja alitaka vidogo vyenye udongo, mwingine alitaka vilivyooshwa, na muuzaji alisubiri kwa uvumilivu wa mtu aliyeyazoea mabishano hayo. Yule mrefu akamvua mwenzake miwani, akaipangusa kwa pindo la shati lake, akamrudishia usoni, akambusu mdomoni, akalipia viazi vyenye udongo. Hakuna aliyegeuka kuwatazama ila sisi. Nimewajua wanawake wengi wanaopendana, nimewaona wakiolewa kwa kulazimishwa, nimewaona wakihama mji, lakini nilikuwa sijawahi kuwaona wawili waliozeeka pamoja sokoni mchana kweupe. Kwa ajili ya hilo peke yake ningerudi Schöneberg hata kesho.

Kuanzia hapo tulijiongoza wenyewe, na ndipo nilipoona jinsi matembezi yale yalivyokuwa na upungufu. Yeye aliuonesha mji kama kwamba wapenzi wa jinsia moja wote wa Berlin ni wanaume weupe wa Schöneberg. Huko Kreuzberg, kwenye ukumbi wa SO36 ulioko Oranienstraße, tangu miaka ya 1990 kuna usiku maalumu wa Gayhane, ambapo mashoga na wasagaji wenye asili ya Kituruki na Kiarabu wanacheza muziki wa kwao. Kando ya mto Spree, karibu na daraja la Oberbaumbrücke, kuna barabara iliyobeba jina la mtu aliyejenga ngome ya watumwa katika pwani ya Ghana ya leo, na mwaka 2010 ikapewa jina la May Ayim, mshairi Mjerumani mweusi. Wanawake weusi wa kizazi chake walitiwa moyo na Audre Lorde, msagaji, mshairi wa Marekani, aliyekuja kufundisha Berlin mwaka 1984 na kuwahimiza wajitambue na kuandika. Mwanamke mweusi aliyempenda mwanamke mwenzake, Berlin, tena katika miaka ambayo kifungu cha 175 kilikuwa bado hai! Mwongozaji wa historia yetu hakumtaja hata kwa bahati mbaya, ilhali mweusi aliyekuwa mbele yake alimwona anafaa kuulizwa jinsi watu wanavyokamatwa.

Kisha Neukölln. Ukishuka stesheni ya Hermannplatz na kutembea kidogo kuelekea bustani ya Hasenheide utaufikia mtaa uliokuwa ukiitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, yule aliyeyazima kwa bunduki mapambano ya Abushiri katika pwani yetu. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, kama Bibi Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa kiuwaziri katika nchi yetu. Nilisimama chini ya kibao kile nikalia, na mwenzangu, ambaye si mtu wa machozi, akalia pia. Sisemi Bibi Lucy angetukubali. Sijui na sitamsemea. Nasema kwamba nilikuwa mtu mzima kamili mahali pale: Mchagga, Mtanzania, na mpenzi wa mwanamke niliyemshika mkono.

Tulimalizia Wedding, katika eneo wanaloliita Mtaa wa Kiafrika, ambako utasoma Tanga, Usambara na Zanzibar kwenye vibao vya kona, na ambako barabara iliyohusishwa na Carl Peters, "Mkono wa Damu" wa hadithi za babu zetu Kilimanjaro, iligawanywa mwaka 2024 na sehemu yake ikapewa jina la Maji Maji. Huko hatukushikana mikono sana. Kuna vijana waliotukodolea macho, na sitadanganya kwamba kila mtaa wa Berlin ni Schöneberg. Lakini hakuna aliyetugusa wala kututupia neno, na maharage tuliyokula kwenye mgahawa mdogo wa Wakameruni yalikuwa matamu.

Nilikuwa nimekaribia kumsamehe yule kijana. Kwa kweli nilikuwa nimeshaandika rasimu ya tathmini ya nyota tatu, yenye maneno ya kumtetea kwamba ni mdogo wa umri, kwamba anajua historia, kwamba pengine hakukusudia. Ndipo binamu yangu aliyeko Arusha aliponitumia picha na swali moja tu: "Dada, huyu si wewe?" Ilikuwa picha ileile. Kampuni ilikuwa imeiweka kwenye ukurasa wake, jiwe jekundu nyuma, uso wangu katikati, mdomo wazi nikiwa bado namwambia asipige. Mwenzangu alionekana mgongo tu, nashukuru kwa hilo.

Nilimjibu binamu kwamba ni matembezi ya kihistoria ya watalii wa kawaida. Sijui kama aliamini, na tangu hapo ananiandikia kwa kifupi mno. Kampuni niliiandikia usiku uleule. Ilichukua siku kadhaa kuiondoa picha, na jibu lao lilieleza kwamba kununua tiketi ni kukubali kupigwa picha, kwamba "wanasikitika ikiwa nilijisikia vibaya", na kwamba wananipa punguzo la matembezi mengine. Punguzo! Nilikuwa nimewaeleza kwa kirefu sheria ya nchi yangu, nikiwatajia hata miaka ya kifungo, nao wakanihesabu miongoni mwa wateja waliolalamikia mvua.

Kwa hiyo nyota tatu nimezifuta. Sitoi hata moja, na simulizi lote zuri la Hirschfeld haliongezi kitu, kwa sababu historia ile yote imo kwenye vibao na kwenye Schwules Museum, jumba la makumbusho ya jamii yetu lililoanzishwa mwaka 1985, ambako unasoma kwa utulivu na hakuna anayekushika bega. Nimewaandikia tena nikidai mambo mawili: waondoe kipengele hicho cha picha kwenye masharti ya tiketi, na mwongozaji amuulize kila mtu kabla ya kuinua simu. Hadi naandika haya hawajajibu. Ikiwa una shida ya miguu au lugha na huna budi kuongozwa, tamka kabla hamjaanza kutembea, mbele ya kundi zima ili wawe mashahidi, kwamba hupigwi picha. Na akikaidi, dai fedha zako mkiwa bado stesheni.