JDAM: usahihi unaonadiwa na usahihi unaopatikana

JDAM (Joint Direct Attack Munition) ya jeshi la Marekani si bomu. Ni mkia wenye mapezi yanayogeuka, kompyuta, kipokezi cha GPS (mawimbi ya setilaiti yanayoonyesha mahali) na kifaa cha kupima mwendo, unaofungwa kwenye bomu la kawaida ili lijiongoze hadi kwenye latitudo na longitudo lilizopewa. Kwa kazi hiyo unastahili sifa: hausumbuliwi na mawingu wala moshi, vitu vinavyoyapoteza mabomu yanayoongozwa na mwale wa leza. Kinachonikera ni maneno ya usahihi yanayouzwa pamoja nao kwenye mikutano ya wanahabari.

Chukua usahihi wa mita 13 uliodaiwa katika masharti ya awali ya jeshi ya kuununua mkia huo. Maana yake ni kwamba nusu ya mabomu yataanguka ndani ya mduara wenye nusukipenyo cha mita 13. Nusu ya pili huanguka nje, na namba hiyo haisemi umbali gani. Mawimbi ya GPS yakikosekana, masharti hayohayo yanaruhusu mita 30. Huko Ukraine, Warusi huyavuruga makusudi. Tena bomu la ratili 2,000, yaani kilo 900 hivi, hurusha vipande vya chuma mamia ya mita. Katika mtaa uliojaa watu, kupata chumba kilicholengwa hakumwokoi jirani.

Kasoro mbaya zaidi hutokea kabla bomu halijadondoshwa. Belgrade, Mei 1999, mabomu matano ya Marekani yenye JDAM yalipiga jengo lililokusudiwa, nalo, kwa kosa la waliolichagua, lilikuwa ubalozi wa China. Kaskazini mwa Kandahar, Afghanistan, tarehe 5 Desemba 2001, kipokezi cha GPS cha askari wa ardhini kilibadilishwa betri. Kilipowaka tena kilionyesha mahali kilipokuwa chenyewe, badala ya mahali pa adui, na namba hizo ndizo zilizopelekwa kwa ndege ya B-52. Bomu likawaangukia walioliita: Wamarekani 3 wakafa pamoja na wapiganaji wa Kiafghani, na Hamid Karzai, kiongozi wa Kiafghani aliyekuja kuwa rais, akajeruhiwa. Mkia ulifanya kazi barabara.

Ndiyo maana katika vita dhidi ya wapiganaji wasiovaa sare, neno “shabaha” halitoshi. Kwanza uliza nani alimtambua mlengwa, na kwa ushahidi gani. Kabul, tarehe 29 Agosti 2021, kombora la aina nyingine, la droni, lilipiga gari lililokusudiwa. Jeshi la Marekani lilitangaza kuwa limezuia shambulio la kundi la IS (Dola la Kiislamu). Tarehe 17 Septemba likakiri kwamba waliokufa ni raia 10, watoto 7 miongoni mwao.