REAPER na spika sita: uzoefu wangu wa kumiksi matari

Mimi ni mtu wa stirio. Kijistudio changu hapa Majengo, Mombasa, kina spika mbili mezani na feni moja ambayo lazima izimwe kila tukirekodi, joto liwe liwalo. Kilichonitoa kwenye mazoea ni kundi la kasida lililotaka kurekodiwa likiwa limeketi duara, kama wanavyokaa siku zote. Maikrofoni sita nikaziweka katikati zikiwatazama. Kumiksi kwa spika mbili, matari yote yakarundikana mbele kama abiria mlangoni mwa matatu.

Natumia REAPER, programu ya kurekodi na kumiksi kwenye kompyuta. Usitafute kitufe cha kuwasha 5.1, yaani mpango wa spika tano na moja ya besi, hakipo. Traki, yaani mstari wa sauti moja iliyorekodiwa, huanza na chaneli 2, kila chaneli na spika yake. Unafungua dirisha la maunganisho, unazifanya 6, na traki kuu, zinakokutania zote, nayo hivyo hivyo. Mie traki kuu niliisahau, jioni nzima nikazilaumu nyaya. Kisha unaweka ReaSurroundPan, kifaa cha REAPER cha kuzigawa sauti kwenye spika zote, na kila sauti inakuwa kidoti unachokivuta kwa kipanya hadi pale mpigaji alipokuwa ameketi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Tari la nyuma lilinipiga kisogoni.

Spika nilizipanga kwa kamba na kipimapembe cha shule cha mwanangu: za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, za nyuma nyuzi 110. Nne niliazima, maana kununua zote kwa mpigo si mchezo.

Kinachoudhi ni efekti. Nyingi nilizokuwa nazo zimetengenezwa kwa stirio tu. Niliweka mwangwi, ukashika chaneli mbili za kwanza, nne zikabaki kavu kama samaki wa kuanikwa. Ilibidi nifungue nakala tatu za efekti ile ile, kila moja niielekeze kwenye jozi yake, na kompyuta yangu kuukuu ikaanza kukwama.

Lakini funzo kubwa lilinipata nyumbani kwa ustadhi wa kundi, ambaye ana spika za sinema sebuleni. Tukacheza faili. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mpiga tari umemtia chini ya kabati?" Kweli, tari la nyuma kushoto lilikuwa linatoka kwenye sabufa, ile spika ya besi, na sauti ya msomaji, niliyoiweka katikati, imehamia kulia. Kosa langu: nilipanga chaneli kwa mtindo wa filamu, kushoto, katikati, kulia, nyuma mbili, besi mwisho. Mashine yake ilisubiri kushoto, kulia, katikati, besi, kisha za nyuma. Chaneli ya nne, tari langu, ikaangukia besi. Nikarudi studio, nikazipanga upya, nikatoa faili jingine. Safari hii ustadhi aligeuka kuangalia nyuma ya kochi.

Je, inafaa? Kwa bongo fleva ya kusikilizwa kwenye simu, usijisumbue. Kwa watu waliokaa duara, naam, tena sana. Programu unaijaribu siku 60, na leseni ya watu wadogo kama sisi ni dola 60, nimeshalipa. Ila toa na nakala ya stirio, ukiipunguza sauti ya katikati na za nyuma kama desibeli 3 kabla ya kuzichanganya na za mbele. Kundi zima liliomba hiyo ndiyo niwatumie kwa WhatsApp.