Kununua kiti cha treni ya kimataifa Ulaya: ÖBB, Deutsche Bahn au Interrail?

Kwenye reli za Ulaya ya kati, tiketi ni kitu kimoja na kiti ni kingine. Tiketi inakuruhusu kupanda; kiti hulipiwa kando. Ndiyo maana mtu mwenye tiketi halali kabisa anaweza kusimama karibu na mlango kutoka Berlin mpaka Prague siku ya Ijumaa jioni, huku waliolipia kiti wakimpita na mabegi yao.

Si treni zote ziko hivyo, na hili lijulikane kabla hujafungua tovuti yoyote. Treni za mwendokasi za Eurostar, TGV Lyria za Paris na Uswisi, treni za mwendokasi kati ya Paris na Ujerumani, treni za kimataifa za EuroCity za Zürich na Milano zinapovuka mpaka, pamoja na zile za Berlin na Warszawa, zote zinadai namba ya kiti. Ukinunua tiketi ya kawaida ya Eurostar, kiti kimo ndani ya nauli. Mwenye pasi ya Interrail au Eurail, yaani tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya, ndiye anayepaswa kukilipia zaidi. Kwa upande mwingine, Railjet, treni ya mwendokasi ya Austria, ya Vienna–Budapest, treni za Berlin–Prague na za Zürich–München hazilazimishi. Hata hivyo, miezi ya Julai na Agosti ni busara kulipia.

Kwa kununua kiti peke yake, ÖBB, shirika la reli la Austria, ndilo la kuanza nalo. Duka lake la mtandaoni lina chaguo la kuhifadhi kiti bila tiketi, halikulazimishi kuthibitisha kwamba una pasi, na kwa treni zake linakuonyesha mchoro wa behewa uguse kiti unachokitaka. Gharama kwenye Railjet ni ndogo, karibu euro 3 kwa daraja la pili. Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, nayo inauza kiti pekee, kwa euro 5 na ushee daraja la pili, na hapo ndipo pa kwenda kama safari nzima iko kwenye ICE, treni zake za mwendokasi. Huduma ya Interrail yenyewe huongeza ada ya euro 2 kwa kila mtu kwa kila treni juu ya bei ya shirika. Ada hiyo ina maana kwa Eurostar, ambako viti vya wenye pasi vimetengwa kwa idadi maalumu na huisha mapema kuliko vya kawaida. Kwa Railjet au ICE sioni sababu ya kuilipa.

Utafutaji ndipo panapohitaji uvumilivu. Usiandike mji wa kwanza na wa mwisho ukategemea mfumo ukupangie. Ivunje safari kila unapobadilisha treni, tafuta treni ya moja kwa moja kwa kila kipande, na uwe na namba ya treni mkononi ili ulinganishe. Treni ikikataa kuonekana kwenye duka moja, jaribu la nchi ya pili inayopitiwa. Kuna jambo moja la kuangalia: ukikata treni ileile vipande viwili pale mpakani, unaweza kupewa viti viwili tofauti, ukalazimika kuhama na mizigo katikati ya njia.

Ratiba za Ulaya hubadilika katikati ya Desemba kila mwaka. Ukiona tarehe za baada ya hapo hazina kitu, usidhani treni imefutwa. Mauzo yake huchelewa kufunguliwa, mara nyingi hadi Oktoba.

Kuhusu kiti chenyewe: chagua dirishani, mezani au behewa la ukimya, lakini usitie moyo wote katika kutaka kutazama mbele. Frankfurt, Stuttgart, Zürich na Milano Centrale ni vituo ambavyo reli huishia, kwa hiyo treni inayoendelea mara nyingi hutoka kinyumenyume na aliyetazama mbele sasa anatazama nyuma. Tena baadhi ya viti vinavyoitwa vya dirishani vimeangukia ukutani kati ya madirisha mawili. Kwenye Nightjet, treni za usiku za ÖBB, fikiria zaidi: kiti cha kawaida usiku kucha si akiba ya kweli kwa safari ya saa kumi na zaidi. Kitanda cha chumba cha watu wanne kinastahili nyongeza yake, na wanawake wanaosafiri peke yao wanaweza kuomba chumba cha wanawake tu.

Siku ya safari, soma namba ya behewa kabla ya namba ya kiti, kisha tafuta kwenye ubao herufi ya sehemu ya jukwaa litakaposimama behewa hilo. Treni nyingi ni mbili zilizounganishwa na hakuna njia ya kupita ndani kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo ukipanda upande usio wako utasubiri kituo kinachofuata. Kwa Deutsche Bahn, kiti kisichokaliwa ndani ya dakika 15 tangu treni iondoke kinapotea. Nenda ukakae kwanza, chai baadaye. Treni ikibadilishwa na behewa lako likawa halipo, tunza uthibitisho wa kiti na udai pesa ulizokilipia.

Ukichelewa kuunganisha, tiketi iliyonunuliwa kama safari moja inakulinda kuliko mbili zilizonunuliwa kando. Sheria ya Umoja wa Ulaya inatoa fidia ya asilimia 25 ya nauli kwa kuchelewa kufika dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Mashirika ya muungano wa Railteam yana pia utaratibu uitwao HOTNAT: treni ya kwanza ikikukosesha ya pili, unapanda ya mwendokasi inayofuata bila kulipa upya. Mwombe mhudumu wa treni iliyochelewa akuandikie uthibitisho kabla hujashuka. Kiti ulichokilipia hakikufuati kwenye treni hiyo mpya, kwa hiyo nenda dirisha la tiketi uulize kama kuna nafasi nyingine.