Karani wa kufundwa ofisini: tathmini ya uanagenzi kwa mawakili wa Mwanza

Ofisi ya wakili hapa Mwanza ikitaka karani ina njia tatu. Inaweza kuajiri mhitimu wa uhazili kutoka Tabora, anayechapa kwa kasi lakini hajawahi kushika jalada la kesi. Inaweza kungoja wanachuo wa sheria wa SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) au wa stashahada ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto waje fildi, wakae wiki chache na kuondoka ndipo wameanza kuzoea masjala. Au inaweza kuchukua kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, ikamfunda yenyewe kwa miezi 12 huku ikimlipa. Njia hiyo ya tatu, yaani uanagenzi, tunaipa alama za juu kuliko mbili za kwanza, kwa sharti moja: wakili au karani mkuu atoe saa moja kila siku ya kazi kumfundisha. Saa hiyo ikikosekana, ofisi inabaki na kijana wa kutumwa chai na fotokopi, na mwaka ukiisha inaanza tena kutafuta karani.

Saa hiyo ndiyo bei halisi ya uanagenzi, kuliko hata posho. Kwa mwezi inafika saa 20 na zaidi, na ni saa ambazo wakili angeweza kumtoza mteja. Uingereza mzigo huo umegawanywa. Tangu Aprili 2017 mwajiri ambaye mishahara yake inapita pauni milioni 3 kwa mwaka hulipa tozo ya asilimia 0.5, na fedha hizo hulipia mafunzo ya wanagenzi, wakiwemo wanaosomea uwakili kwa miaka mitano au sita wakiwa kazini. Hapa kwetu Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Ofisi ya mawakili wawili, karani mmoja na mhudumu haimo kwenye tozo hiyo, lakini pia hakuna mfuko wa kuirudishia gharama. Kila shilingi inatoka mfukoni mwa wakili, kwa hiyo uchaguzi wa kijana usifanywe kwa kujuana.

Usaili wa maneno hausaidii sana. Mpe kazi ya dakika 90. Kwanza achape ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono. Kisha apange karatasi 30 zilizochanganywa za jalada moja, kwa tarehe. Mwisho ahesabu siku 21 kuanzia tarehe utakayompa. Anayechapa polepole bila makosa ni bora kuliko mwenye kasi anayeruka mstari, kwa kuwa kasi huja yenyewe kabla ya mwezi wa nne. Kijana anayejua Kisukuma ana faida kubwa. Wazee wa Magu, Misungwi na Kwimba hueleza mgogoro wa shamba kwa ukamilifu wakisikilizwa kwa lugha yao. Na hata kama sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mikataba ya biashara na hukumu nyingi za rejea bado ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo asiyekisoma kabisa atakwama.

Miezi miwili ya kwanza ni majalada na tarehe tu. Hapa tunasisitiza kuliko mahali pengine popote, maana kesi nzuri hufia kwenye kalenda. Mwanagenzi ajue kwa moyo kwamba maelezo ya utetezi katika shauri la madai huwasilishwa ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Aliyeachishwa kazi hufungua mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ina siku 30.

Namba hizo ni rahisi kukariri, ila kuhesabu ndiko kunakowashinda wengi. Siku ya tukio haihesabiwi. Wito uliopokelewa tarehe 3 Machi unaanza kuhesabiwa tarehe 4, na siku ya 21 ni tarehe 24. Anayeanza na tarehe 3 ataona mwisho ni 23, na kosa hilo halina madhara kwa kuwa linamwahisha. Hatari ni yule anayehesabu kuanzia siku jalada lilipofika mezani kwake badala ya siku mteja aliposaini wito. Mteja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anaweza kukaa na wito siku tisa akisubiri safari ya meli, kisha akafika ofisini na karatasi ikionekana mpya. Kwa hiyo swali la kwanza la mwanagenzi kwa kila mteja liwe, "Karatasi hii uliipokea lini, na ulisaini wapi?" Jibu liandikwe kwenye daftari la tarehe pamoja na namba ya shauri, siku ya mwisho, siku ya tahadhari ambayo ni siku 7 kabla, na jina la aliyehakiki. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake bila kuoneshana. Wakitofautiana, wakili aamue siku hiyohiyo.

Mwezi wa tatu hadi wa tano ni mfumo wa mahakama wa kielektroniki na viapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huapa kuwa ni ya kweli. Kanuni za mwaka 2018 zinaruhusu nyaraka kuwasilishwa kwa mtandao hadi kabla ya saa sita usiku, na vijana wengi huona muda ni mwingi. Kinachoharibika ni malipo. Nyaraka imepandishwa, namba ya malipo imetoka, halafu mtandao wa simu ukasumbua na ada ikalipwa kesho yake. Hapo upande wa pili unapata pingamizi la bure. Amri ya ofisi iwe moja: kazi haijaisha mpaka stakabadhi ya malipo iwe kwenye jalada. Akaunti ni ya wakili, kwa hiyo mwanagenzi aingize nyaraka wakili akiwa karibu, na neno la siri libadilishwe siku kijana anapoondoka. Ofisi nyingi husahau hili la mwisho.

Viapo vinahitaji jicho la karibu zaidi. Mwambie mwanagenzi aache kurasa zote na atazame mistari ya mwisho pekee, pale kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, anapothibitisha. Je, mahali pametajwa? Je, tarehe imejazwa, au kuna nafasi iliyoachwa wazi "tutajaza baadaye"? Je, imeandikwa kama kamishna anamfahamu muapaji mwenyewe au ametambulishwa kwake, na na nani? Jina la kamishna liko? Pengo moja kati ya hayo linatosha kiapo kuondolewa, na maombi yaliyobebwa na kiapo hicho yakaanguka nacho. Halafu kuna kosa ambalo mwanagenzi ndiye wa kulizuia kwa miguu yake: wakili anayesimamia shauri haruhusiwi kumuapisha mteja wake kwenye shauri hilo. Kiapo kipelekwe kwa wakili wa ofisi nyingine, na muapaji aende mwenyewe, isipelekwe karatasi peke yake.

Baada ya mwezi wa sita fanyeni tathmini ya maandishi na amueni kama anaendelea. Miezi iliyobaki ni kupokea wateja, usajili wa kampuni na majina ya biashara BRELA na ufuatiliaji wa hati za ardhi, kazi ambazo kijana mwenye nidhamu ya tarehe huzishika haraka.

Mipaka ielezwe siku ya kwanza. Sheria ya Mawakili inakataza asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo, na kila hati inapaswa kubeba jina na anwani ya aliyeiandaa. Mwanagenzi anaandaa rasimu chini ya wakili, na jina linalokaa mwisho ni la wakili aliyeisoma. Anayeanza kuwaandikia majirani wa Igoma mikataba ya viwanja jioni kwa elfu kumi ameshakuwa kishoka, yaani wakili bandia, na aibu inarudi ofisini. Siri nayo haina mjadala. Sheria ya Ushahidi inamfunga karani wa wakili kama inavyomfunga wakili mwenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa kila nakala ya kitambulisho iliyo kwenye simu yake. Kupiga picha nyaraka za mteja kwa WhatsApp binafsi kupigwe marufuku kwa maandishi.

Mkataba uandikwe hata kama kijana ni mtoto wa ndugu: muda, kazi atakazofundishwa, jina la anayemfundisha, malipo, na saa zisizozidi 45 kwa wiki. Udhaifu mkubwa tuliouona kwenye mikataba ya aina hii ni kutaja wajibu wa mwanagenzi kwa kirefu na kunyamaza kuhusu wajibu wa ofisi. Wekeni nauli pia. Kijana anayetoka Buhongwa na kutumwa Sengerema kuchukua nakala ya hukumu akajilipia mwenyewe ataanza kukwepa safari, na nakala itachelewa. Nyaraka za kumfikia mdaiwa asipewe yeye kuzipeleka. Hizo ni za mpeleka hati wa mahakama, na upelekaji ukipingwa hamtakuwa na pa kusimama.

Kwa ofisi yenye mawakili wawili na kuendelea, au wakili mmoja mwenye karani mzoefu, tunaupendekeza uanagenzi bila kusita. Wakili aliye peke yake na anayeshinda mahakamani siku nne kwa wiki asichukue mwanagenzi mwaka huu. Aajiri kwanza karani anayejua kazi, hata kwa nusu siku, na huyo karani akishatulia ndiye atakayetoa ile saa moja.